Kucha za Mbwa wa Shamba: Somo kwa Wanaorudi Deltani Likizo

Ukimwambia mtu hapa chuoni kwamba unaandika makala ya kukata kucha za mbwa, atacheka kwanza, kisha atakuuliza kama mada zimeisha. Namwelewa. Anachokiona kichwani ni mbwa wa Masaki au Oysterbay, mwenye shampuu yake na sahani yake, anayepelekwa kliniki kwa gari lenye kiyoyozi. Mimi simzungumzii huyo. Huyo ana watu wake. Namzungumzia mbwa wa shamba, hasa yule wa delta ya Rufiji, anayelala chini ya dungu na kufukuza nguruwe pori gizani ili mpunga ufike nyumbani. Huyo hana kliniki wala gari, na mara nyingi hana hata mtu wa kumshika mguu na kuutazama.

Nasoma udaktari wa mifugo, mwaka wa nne, na kwetu ni Kibiti. Kila chuo kikifungwa nakutana na maswali yangu nyumbani: kuku wanaokufa kwa kufuatana, mbuzi aliyegoma kula, ng'ombe wa jirani anayekohoa. Kuhusu mbwa huwa naulizwa swali moja tu: huyu bado anafaa au hafai? Makala haya yametokana na swali hilo. Nayaandika kwa mwanafunzi yeyote anayerudi likizo kwenye nyumba yenye mbwa, awe anasoma sheria, ualimu au uhasibu. Shahada ya mifugo huihitaji. Unahitaji macho, subira na kipande cha msasa.

Tope halisagi kucha

Ukucha wa mbwa hukua maisha yake yote, kama wako. Paka anaweza kuzirudisha kucha zake ndani, mbwa hawezi. Za mbwa ziko nje muda wote, na dawa yake ya asili ni ardhi ngumu. Mbwa wa Kibiti mjini anayezurura kando ya lami iendayo Lindi na Mtwara, au kwenye changarawe za stendi, kucha zake zinasagika zenyewe. Sasa mchukue mbwa huyohuyo umpeleke Salale, Maparoni au Msala. Kule ni tope na mchanga. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na tangu mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ni sifa kubwa kwetu, lakini ardhi oevu ndiyo hiyohiyo isiyosaga kucha. Mbwa anakanyaga tope asubuhi, mchanga mchana, tope tena jioni, na ukucha unazidi kurefuka.

Halafu kuna ukucha mmoja ambao hata lami haiusaidii: ukucha wa pembeni, ulio juu kidogo, upande wa ndani wa mguu wa mbele, pale ambapo sisi tuna kidole gumba. Mbwa wa kawaida ana kucha 18. Kila mguu una nne zinazokanyaga, hizo ni 16, na mbili za pembeni kwenye miguu ya mbele. Wengine wanazo na za miguu ya nyuma. Ukucha wa pembeni haugusi ardhi, kwa hiyo hausagiki. Ukiachwa unapinda, unafanya duara, na mwisho ncha yake inarudi kuingia kwenye nyama.

Kucha zinazokanyaga nazo zikirefuka sana zina madhara yake. Kila mbwa anaposimama, ukucha unasukuma kidole juu au pembeni. Ili kukwepa maumivu anarudisha uzito nyuma, anatembea kama mzee, anateleza kwenye sakafu. Ukucha mrefu pia ni rahisi kunasa kwenye wavu, kwenye mizizi ya mikoko au kwenye mbao za boti, ukapasuka au kung'oka. Mbwa wa namna hiyo hakimbii. Na mbwa asiyekimbia, kwa mkulima, ni mdomo wa kulishwa bure.

Mbwa aliyekuwa "amezeeka"

Niliwahi kuliona hili kwa mjomba wangu, ambaye shamba lake lipo ng'ambo, safari ya boti kutoka Nyamisati. Mbwa wake, Popi, alikuwa ameacha kutoka usiku. Nguruwe walishakula upande mmoja wa shamba. Mjomba alikuwa amekwisha kuzungumza na jirani mwenye bunduki.

"Mjomba, mpunga ule ndio nauli yako ya kurudi chuo," aliniambia. "Mbwa akilala, nguruwe hawalali."

Hapo hakuna ukatili, na naomba tusimhukumu. Mtu anayelinda mpunga miezi kadhaa juu ya dungu, akipambana na nguruwe usiku na ngedere mchana, anapiga hesabu ya kila anayekula chakula chake. Nilichomwomba ni kunipa nafasi nimtazame mbwa mguu kwa mguu. Popi hakuwa mzee, alikuwa na miaka minne tu. Ukucha wa pembeni wa mguu wa kushoto ulikuwa umejikunja hadi ncha ikazama kwenye ngozi, palivimba na panatoa usaha.

Ule haukuwa ukucha wa kukatwa nyumbani, na nitaeleza baadaye kwa nini. Tulimfunga mdomo kwa kitambaa, tukasubiri maji yajae, tukavuka naye kwa afisa mifugo. Aliukata, akautoa, akasafisha kidonda na kumchoma sindano. Baada ya wiki mbili hivi Popi alikuwa shambani. Ugonjwa wote ule, uliokaribia kumgharimu maisha, ulikuwa ni ukucha mmoja ambao ungeweza kupunguzwa kwa dakika moja kila mwezi.

Kwa hiyo tujifunze hiyo dakika moja.

Ukucha umejengwaje

Ukucha una sehemu mbili. Nje kuna ganda gumu, lisilo na hisia. Ni kitu kilekile kilichojenga kucha zetu na pembe za ng'ombe. Ndani kuna nyama hai yenye mishipa ya damu na neva. Ukikata ganda, mbwa hasikii kitu. Ukikata nyama, anaumia kwelikweli, damu inatoka, na tangu siku hiyo hakupi mguu tena. Ufundi wote wa kazi hii ni kujua ganda linaishia wapi.

Kwenye ukucha mweupe ni rahisi: utaona rangi ya waridi kwa ndani. Unaacha kama milimita mbili kabla ya hiyo rangi. Shida ni kucha nyeusi, na mbwa wetu wengi wanazo. Hapo huoni kitu kwa nje. Unakata vipande vyembamba kama unamenya, na baada ya kila kipande unatazama uso wa mahali ulipokata. Mwanzoni utaona pakavu, peupepeupe kama chaki. Ukiendelea, katikati itatokea nukta ya kijivu au nyeusi yenye kung'aa kidogo. Hiyo nukta ndiyo taa nyekundu. Simama hapo, hata kama unaona ukucha bado mrefu.

Kumbuka pia kwamba ukucha ukiachwa miezi mingi, nyama ya ndani nayo hurefuka kuufuata. Ndiyo maana huwezi kuurudisha kwenye urefu unaofaa kwa siku moja. Habari njema ni kwamba ukipunguza kidogo kila wiki au kila wiki mbili, nyama nayo hurudi nyuma polepole. Atakayetaka kumaliza yote Jumamosi moja ataambulia damu.

Utajuaje kucha ni ndefu? Msimamishe mbwa kwenye sakafu ya saruji. Kucha zisiwe zinakandamiza sakafu. Karatasi ipite chini ya ncha. Akitembea ukasikia ta-ta-ta-ta, zimezidi. Kwa mbwa wa kazi usizikate kupita kiasi, maana anazihitaji kushika ardhi kwenye tope na utelezi.

Kabla hujamshika

Hii sehemu usiiruke. Ina uhai wa mtu ndani yake.

Swali la kwanza: mbwa huyu amechanjwa kichaa cha mbwa? Kichaa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu duniani hutokana na mbwa. Kusini mashariki mwa nchi yetu si wageni wa jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilisimamia mradi mkubwa wa kuchanja mbwa huku, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, sambamba na KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini na visiwa vya Visayas kule Ufilipino. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na ukarudia, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Lakini watoto wa mbwa wanazaliwa kila mwaka, na chanjo ya mwaka juzi haimlindi mbwa aliyezaliwa jana. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata, na ulizia kampeni za karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895, aliyetupa chanjo ya ugonjwa huu.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayedondosha mate, anayeng'ata vitu ovyo, anayeyumba au aliyebadilika sauti, usimguse kabisa. Hapo habari ya kucha imekwisha. Waweke watoto mbali na upige simu kwa wahusika. Na mbwa yeyote akikung'ata, au akikukwaruza mpaka damu itoke, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Usipake kitunguu, pilipili wala mafuta ya taa. Usisubiri kuona itakuwaje.

Swali la pili: mbwa ana damu ya kutosha kuganda? Mbwa wa vijijini wana kupe, na kupe wa kahawia huwaletea ugonjwa unaopunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kugande. Mfungue mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au mbwa amewahi kutokwa damu puani bila kuumia, au ana madoa mekundu tumboni, asikatwe kucha nyumbani.

Swali la tatu: anakubali kushikwa? Mbwa anaongea kwa mwili kabla hajang'ata. Analamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo bila usingizi, anageuza uso, anaonyesha weupe wa jicho, anakaza mwili, anaficha mkia. Akifika kwenye kunguruma ameshakuambia mara tano na wewe hukusikia. Usimpige kwa kunguruma. Mbwa aliyefundishwa asingurume anang'ata kimyakimya, na huyo ndiye wa hatari zaidi.

Kumzoesha: kazi ya dagaa

Mbwa wetu wengi hawajawahi kushikwa mguu isipokuwa kwa kufungwa kamba. Ukimvamia siku ya kwanza na mkasi, umeanzisha vita. Mpe wiki moja ya kumzoesha, dakika mbili au tatu tu kwa siku. Chukua dagaa wachache.

Siku ya kwanza na ya pili, mguse bega, mpe dagaa. Teremka hadi kwenye goti, mpe dagaa. Siku ya tatu na ya nne, shika unyayo sekunde moja, achia, mpe. Siku zinazofuata, bonyeza kidole taratibu mpaka ukucha utokeze, achia, mpe. Mwisho muonyeshe kifaa, kigongeshe kwenye ukucha bila kukata, mpe. Akivuta mguu, usimng'ang'anie. Rudi hatua moja nyuma. Siku ya kukata, kata ukucha mmoja tu au miwili, mpe dagaa, mwache aende. Kucha 18 kwa siku tisa, mbili kila siku, ni kazi iliyoisha. Haraka ya nini, na likizo ni ndefu?

Faida ya pembeni ni kwamba ukishika unyayo kila siku utaona mengine: mwiba, kidonda, kupe katikati ya vidole, funza. Funza wale wanaotutesa sisi wanaingia kwa mbwa pia.

Kifaa gani

Kuna mkasi maalumu wa kucha za mbwa, na unapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo ya mijini. Ukipita Dar es Salaam au Morogoro ulizia. Aina inayofanana na koleo, yenye visu viwili vinavyokutana, ndiyo inayofaa kucha nene. Iwe kali. Kifaa butu hakikati, kinaponda, na kuponda kunauma hata usipofika kwenye nyama.

Kikata kucha cha binadamu kinafaa kwa kitoto cha mbwa cha wiki chache, basi. Kwa mbwa mkubwa kinapasua ukucha kwa urefu. Koleo la fundi umeme, kisu, wembe na panga, hapana. Nimesikia watu wakisema ukucha unaweza kuwekwa kwenye gogo ukapigwa panga. Jamani, mbwa akivuta mguu katikati ya pigo utafanya nini?

Andaa na vitu vya akiba kabla hujaanza: kitambaa safi, glavu, maji na sabuni, spiriti ya kusafishia kifaa, na shabu iliyosagwa. Shabu ninayoisema ni lile jiwe jeupe la vinyozi, linalopakwa kidevuni baada ya wembe. Kwa vinyozi linazuia damu, na kwa ukucha linafanya kazi hiyohiyo.

Kukata

Fanya mchana, penye mwanga, mbwa akiwa ametulia baada ya mizunguko ya asubuhi. Muwe wawili: mmoja, ambaye mbwa anamwamini, anakaa upande wa kichwa na kuongea naye, wa pili anakata.

Kama mbwa anakubali lakini hamna uhakika naye, mfunge mdomo. Chukua kitambaa chepesi cha urefu wa mita moja hivi. Tengeneza kitanzi, pitisha puani, kaza juu ya pua. Vuka chini ya kidevu, funga tena. Kisha peleka ncha zote nyuma ya masikio ufunge kwa fundo linalofunguka haraka. Angalizo kubwa kwetu watu wa pwani: mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Kwenye joto la Kibiti, mdomo uliofungwa kwa kitambaa usizidi dakika chache, tena kivulini. Mbwa anayetapika, anayekohoa au mwenye pua fupi asifungwe hivyo. Na mdomo uliofungwa si ruhusa ya kumkandamiza mbwa anayepigana kwa nguvu zote. Huyo anahitaji daktari na dawa ya kumtuliza.

Shika kidole kimoja: dole gumba chini kwenye nyayo laini, kidole cha shahada juu. Bonyeza kidogo ukucha utokeze. Usivute mguu pembeni, uache mahali pake pa kawaida, maana viungo vya mbwa havijipindi kama mkono wako. Kata ncha iliyopinda kwa mshazari, kama nyuzi 45, ukifuata pembe ambayo ukucha unakutana na ardhi. Kipande chembamba, tazama; kipande chembamba, tazama. Usisahau ule wa pembeni. Ukiwa na muda wa ukucha mmoja tu, anza na huo.

Damu ikitoka

Hata madaktari wazoefu wanafika kwenye nyama mara mojamoja, kwa hiyo usitaharuki, maana mbwa anakusoma. Damu ya ukucha huonekana nyingi kuliko ilivyo. Chovya ncha kwenye shabu iliyosagwa au ibonyeze kwa unga huo, kisha shikilia kwa kitambaa safi dakika tano bila kufunua kuchungulia. Kama shabu hamna, unga wa ngano au kipande cha sabuni ngumu kavu kilichokandamizwa kwenye ncha hufaa kwa dharura. Usipake tumbaku, majivu wala oili chafu. Mbwa akae sehemu kavu na safi siku hiyo, asiende topeni. Ikipita nusu saa damu haijakata, hiyo ni safari ya daktari.

Ubao wa msasa

Njia ninayoipenda zaidi kwa kule kwetu haihitaji mkasi wala kumshika mbwa. Chukua ubao wa upana wa futi moja na urefu wa futi mbili. Gundisha msasa juu yake, namba 80 kwa kuanzia. Uegemeze ubao mahali imara, umeinama kama mteremko. Weka dagaa chini ya kiganja chako, au chini ya kitambaa juu ya ubao. Mbwa ataparura kutafuta. Akiparura, mpe. Ndani ya siku chache ataelewa mchezo: kuparura ubao kunaleta dagaa. Ukucha unasagika kidogokidogo, na kwa kuwa yeye ndiye anayejiendesha, akisikia joto au maumivu anaacha mwenyewe. Wewe tazama kucha zisisagike hadi karibu na nyama, na usiruhusu aparure kwa muda mrefu mfululizo akachubua nyayo.

Ubao unasaga kucha za mbele zinazokanyaga. Za nyuma kwa kawaida husagika zaidi zenyewe, kwa kuwa mbwa hujisukuma nazo. Wa pembeni ubao haufiki. Huo utabaki wa mkasi, au wa tupa ndogo ukiwa na mbwa mtulivu.

Suala la najisi

Tusizunguke: sehemu kubwa ya watu wa delta ni Waislamu, na madhehebu yetu ya Shafi yanahesabu mbwa kuwa najisi nzito. Palipoguswa na mate au unyevu wake huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Ndiyo sababu mbwa anaishi uani na shambani, na ndiyo sababu hakuna anayemshika mguu. Nimeona wataalamu wakifika vijijini na kulipita jambo hili kama ushamba, halafu wanashangaa watu hawaji.

Ukweli ni kwamba dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa kulinda shamba, mifugo na wa kuwinda, na kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Kavu kwa kavu haihamishi najisi. Fanya kazi mbwa akiwa mkavu, vaa glavu, uwe na nguo ya kazi hiyo tu, na kifaa kisichochanganywa na vyombo vya nyumbani. Kilicholowa kitaoshwa kama inavyotakiwa. Ubao wa msasa unakuondolea hata huko kumgusa. Mwenye swali la ndani zaidi amwone sheikh wake, na atashangaa pengine kukuta naye ana mbwa shambani.

Yasiyo ya nyumbani

Mpeleke mbwa kwa daktari au afisa mifugo ukiona haya: ukucha uliozama kwenye nyama, kama wa Popi, kwa sababu ukiukata na kuuvuta bila ganzi na dawa unaacha kidonda kichafu kinachoweza kuenea hadi mfupani, ukucha uliopasuka hadi kwenye shina, kidole kilichovimba au kinachotoa usaha, kucha nyingi zinazodondoka zenyewe, na mbwa anayechechemea siku mbili bila sababu unayoiona. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo ipo, na inamtaka mwenye mnyama asimwache kwenye mateso yanayoweza kuepukwa. Najua kutoka visiwa vya ndani ya delta hadi kwa mtaalamu ni boti, kisha bodaboda, na vyote vinasubiri maji. Hiyo ndiyo sababu ya kutazama kucha mapema, wakati bado ni jambo la msasa na dagaa.

Kazi ya likizo

Kwa wanaopanda basi la Kibiti mwezi ujao, nawapa kazi moja isiyo na alama. Nunua msasa namba 80 mjini, karatasi mbili. Ukifika, mtazame mbwa wa nyumbani akitembea kabla hujamwita. Kisha msimamishe penye saruji, tazama kucha nne za kila mguu, halafu tafuta ule wa pembeni. Uliza alichanjwa lini, uandike jibu mlangoni kwa chaki ili na wengine walione. Tengeneza ubao na mdogo wako, umwachie yeye kazi ya dagaa akishamzoea mbwa, mtu mzima akiwepo. Nimeona watoto wanaolifanya hili vizuri kuliko sisi, kwa kuwa hawana haraka.

Na ukisikia mtu anasema mbwa fulani amezeeka, hafai tena, kabla bunduki haijaazimwa mwombe akupe dakika tano za kutazama miguu.